Kaulize Kioo

Picha inamwonyesha mwanamke aliyepiga magoti mbele ya nyumba ya mianzi, mikono yote miwili usoni, vidole vimejaa udongo mbichi. Mbele yake kuna chungu kikubwa ambacho bado hakijachomwa. Chini ya picha, kwa Kijerumani na kwa wino uliofifia, mtu ameandika: "Mwanamke wa Konde akiogopa mashine." Konde ndivyo Wajerumani walivyopenda kutuita.

Akiogopa mashine! Maneno hayo yamekaa zaidi ya miaka mia moja kwenye sanduku la chuo kikuu kimoja huko Ujerumani, na kila msomi aliyelifungua ameyasoma, akatikisa kichwa kwa huruma, akalifunga. Hakuna aliyejiuliza mtu anayeogopa mashine anafanyaje. Anakimbia, ndivyo anavyofanya. Anaacha chungu na udongo, anatimua mbio mpaka migombani. Huyu hakukimbia. Alipiga magoti pale pale akaficha uso, na mtu wa kwetu Kyela akimwona hivyo hahitaji kuelezwa.

Felista, binti wa Ikolo aliyekwenda huko kusoma na kupewa kazi ya kupanga masanduku ya zamani, hakuhitaji kuelezwa. Aliitazama picha akasema kwa sauti, peke yake mle chumbani, "Mbele yake kasimama baba mkwe." Chini ya picha ile kulikuwa na bahasha nzito, lakini hakuifungua kwanza. Na sisi tuiache hapo. Tuanze na mwenye mikono.

Aliitwa Tusekile, mzaliwa wa Ikombe, pale ambapo milima ya Ukinga inashuka moja kwa moja hadi Ziwa Nyasa na kuwaachia watu kipande cha mchanga cha kukalia. Wakisi wa Ikombe hawakuwa na shamba la kujivunia. Wanaume walivua, wanawake wakafinyanga, na vyungu vilipokwisha kuchomwa vilipandishwa mtumbwini kupelekwa kwa watu wa bondeni wenye ndizi na maharage. Bei haikuhitaji mabishano. Mnunuzi alikijaza chungu maharage, mfinyanzi akayamimina kikapuni kwake, chungu kikabaki kwa mnunuzi. Tusekile alifinyanga vyungu vyenye matumbo makubwa kuliko vya wenzake, na alipoambiwa ana tamaa alijibu kwamba tumbo la chungu ndilo tumbo lake.

Aliko, kijana wa Kinyakyusa kutoka Ikolo, alikuja ufukweni kumnunulia mama yake chungu cha pombe. Akarudi kununua kingine, na kingine, mpaka mama yake akamwuliza kama anataka wahame nyumba waviachie vyungu. Ndipo kijana aliposema anachokitaka. Mahari ikatolewa kwa majembe, si kwa ng'ombe kama ilivyo desturi ya Wanyakyusa, maana Ikombe ng'ombe hana pa kusimama.

Bondeni Tusekile alikuta mambo mengine. Vijana walikuwa na kijiji chao na wazee walikuwa na chao, na sababu moja, ukiwauliza wenyewe, ilikuwa mkamwana. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni. Hamtaji jina. Akisikia anakuja anaingia migombani, na akikosa pa kuingia anapiga magoti na kufunika uso mpaka mzee apite. Wenyewe wanaita ukutila, yaani kuogopa, ila si woga wa kuogopa simba. Ni heshima, tena ya pande mbili, kwa sababu mzee naye hamtazami usoni mke wa mwanawe.

Baba mkwe huyo aliitwa Nsajigwa. Mimi nalitaja jina kwa sababu si mkwe wangu, lakini Tusekile hakulitaja mpaka anaingia kaburini. Alikuwa mzee mpole mwenye kifua kibovu, na kifua chake alikitumia vizuri. Akikaribia kijiji cha vijana alianza kukohoa tangu mbali, kusudi mkamwana apate nafasi ya kujificha. Tusekile alimjua baba mkwe wake kwa kikohozi tu. Watu wa Ikolo walikuwa wamesema kwamba binti wa wavuvi, aliyezoea kupiga kelele mtumbwini, hataiweza heshima ya nyumba ya watu. Aliiweza. Tangu aolewe hakukosea hata mara moja, akazaa mtoto wa kiume, Lutengano, na wa kike, Anyisile, na alijivunia heshima yake kuliko vyungu vyake.

Sasa njoo kiangazi cha mwaka 1908. Alifika Mjerumani mmoja kutoka chuo kikuu, akiwa na wapagazi na masanduku yaliyojazwa nyasi, akikusanya mikuki, mishipi, vyungu na sura za watu. Watu walimpa jina la Bwana Vioo, kwa sababu neno alilowapigia wapagazi kelele kutwa nzima lilikuwa hilo hilo: vioo, vioo, angalieni vioo. Zamani picha ilinaswa kwenye kioo, na kikivunjika ndiyo basi. Mkalimani wake, Feruzi, alikuwa mtu wa pwani aliyekijua Kijerumani vizuri, na Kinyakyusa cha kuombea maji ya kunywa tu.

Bwana Vioo alimkuta Tusekile uani, amekaa chini, anazungusha chungu juu ya gae na kulainisha mdomo wake kwa kipande cha kibuyu. Akafurahi sana. Akamwonyesha kwa mikono abaki hivyo hivyo. Tusekile naye akafurahi, nani asiyependa kazi yake itazamwe? Majirani, wake wa vijana wenzake Aliko, wakajaa uani kutazama. Aliko mwenyewe hakuwepo, alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya boma.

Mashine ikasimamishwa kwa miguu yake mitatu. Bwana Vioo akaingia chini ya kitambaa cheusi, kichwa chote, makalio yakabaki nje. Tusekile akatazama makalio yale. Akajikaza. Akauma mdomo, lakini wapi, kicheko kilimpanda tumboni, mabega yakaanza kutikisika, machozi yakamlenga.

"Anatetemeka," Mjerumani akasema kutoka chini ya kitambaa.

"Anaogopa, Bwana," Feruzi akajibu. "Watu wa bara ndivyo walivyo. Tumwite baba wa nyumba hii asimame karibu nasi. Akimwona mzee wake atatulia."

Jamani! Katika watu wote wa bonde zima, kuanzia Busale mpaka mtoni Songwe, akachaguliwa huyo huyo. Askari akatumwa kijiji cha wazee, na mzee gani wa wakati ule angemwambia askari wa Kijerumani hataki? Nsajigwa alikuja akisukumwa mgongoni. Alikohoa njia nzima. Alikohoa kwa nguvu kuliko siku zote, maskini, ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo.

Kikohozi cha mzee hakina jina. Kila mke aliyekuwa pale uani alidhani ni cha mkwe wake, na kufumba na kufumbua uani pakawa peupe. Wote wakazama migombani, migongo wameigeuzia nyumba. Tusekile naye akanyanyuka, na askari wa pili akamkandamiza bega. "Kaa!" Akapiga magoti, akafunika uso kwa mikono yenye udongo. Hiyo ndiyo picha ya kwanza.

Lakini Mjerumani alitaka sura. Akapaza sauti. Tusekile akapaza yake kutoka nyuma ya viganja: "Mwondoeni! Mwondoeni aliyesimama hapo, jamani, nitazameni hata kutwa nzima lakini mwondoeni!" Feruzi hakuelewa kitu, na mkalimani asiyeelewa hakosi jibu. "Anaomba asidhurike," akasema. Basi askari akamshika vifundo vya mikono, akaivuta chini kwa upole kabisa, maana aliambiwa awe mpole, na kuishikilia magotini.

Uso ukabaki wazi. Tusekile akafumba macho. Aliyafumba kwa nguvu mpaka mashavu yakapanda na masikio yakavuma. Alikisikia kikohozi karibu, karibu kuliko kilivyopata kuwa, akasikia mashine inagonga, na Bwana Vioo akasonya. Mikono ikaachiwa. Akajirusha kifudifudi na hakuinuka mpaka kikohozi kilipopotelea mbali njiani. Alipofungua macho, chungu kilikuwa kimepinda ubavu na juu yake pamewekwa ushanga.

Jua halijazama, bonde zima lilikuwa na habari kwamba yule Mkisi amemtazama baba mkwe wake uso kwa uso.

Ukoo ukakaa. Mjomba wa Aliko ndiye aliyeuliza maswali, na Tusekile alijibu akiwa nyuma ya kiambaza cha mianzi. Uso wako ulikuwa wazi? Ulikuwa wazi, walinishika mikono. Mzee alikuwa mbele yako? Alikuwepo. Ukamwona? Sikumwona, nilifumba macho. Nani alikuona umefumba?

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Wanawake waliapa kwa haki kabisa kwamba waligeuza migongo. Waligeuza migongo kwa sababu walikuwa na heshima, na heshima yao ndiyo iliyomkosesha shahidi. Feruzi na askari walikuwa wameshaondoka na msafara. Nsajigwa alipoulizwa alikohoa kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi niligeukia migombani. Sikuona kitu."

Basi, wakaamua. Watu wa Ikombe walete ng'ombe mmoja wa kusafisha, achinjwe, aliwe, maneno yaishe. Haikuwa hukumu ya chuki. Wengi walimpenda Tusekile, na mama mkwe alilia waziwazi. Kaka yake Tusekile alipopata habari alisema atakusanya vyungu vya ukoo mzima, avipeleke sokoni msimu wote, ng'ombe apatikane.

"Hapana," Tusekile akasema.

"Dada, ni ng'ombe tu."

"Nikimtoa nimekiri. Sikuona, kaka. Mnataka nilipie kitu ambacho sikukifanya, na mbaya zaidi ndicho kitu ambacho nimekifanya vizuri kuliko wote!"

Aliko aliporudi kutoka kubeba mizigo, Tusekile alimngojea njiani amweleze mwenyewe. Akamweleza yote. Aliko akasikiliza huku akikwangua tope miguuni. "Mimi sikuwepo," akasema. Jioni alimwambia hivyo hivyo mama yake, kesho yake akamwambia mjomba. Sikuwepo. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema, lakini sidhani kama walimaanisha mtu ajifiche humo maisha yake yote. Kama angegonga chini hata mara moja akasema, mke wangu si mwongo! Hakugonga.

Desturi ikafuata njia yake. Tusekile akarudishwa Ikombe na Anyisile mgongoni, kwa sababu alikuwa bado ananyonya. Lutengano akabaki kwa bibi yake. Alikuwa amesimama mlangoni akila ndizi ya kuchoma, akampungia mama yake mkono akidhani anakwenda kuchukua udongo.

Mtu mwingine angelia mpaka akachoka, kisha angetoa ng'ombe. Tusekile alilia, kisha akakaa na kufikiri, na alilolipata lilimnyima usingizi. Shahidi yupo! Si mashine ilimtazama usoni wakati ule ule? Alikuwa ameona wapagazi wakionyeshwa sura zao juu ya kioo. Kile kioo kinajua. Kikiletwa Ikolo na watu wote wakakiona, nani atabisha?

Akapanda mlima kwenda boma la juu, lile la Wajerumani kule kwenye baridi, amejitwika mtungi mzuri wa kumpa mkubwa. Askari wa lango wakauchukua mtungi. Kuhusu Bwana Vioo wakamwambia ameshapanda meli kwenda kwao na masanduku yake. Atarudi lini? Wakacheka. Mtu wa vioo harudi, mama, keshapata alichokitaka.

Akaenda misheni ya ufukweni. Mchungaji wa Kijerumani alikijua Kinyakyusa, na alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna mwanaume aliyekuwa amelifanya tangu mkasa ule utokee. Kisha akasema, "Binti yangu, Mungu anajua kama uliona au hukuona."

"Mungu najua anajua, Baba. Wakwe zangu ndio hawajui."

Mchungaji akachukua kalamu. Aliandika kwa chuo kile kuomba picha ya mwanamke mfinyanzi wa Ikolo, ile ya pili, ambayo mikono imeondolewa usoni. Akamwonya kwamba ni mbali. Tusekile akarudi kufinyanga na kungoja. Katika kungoja huko Anyisile aliacha kunyonya, na watu wa Ikolo wakaja kumchukua kama walivyopatana. Walikuja na mtumbwi, na asali, na maneno matamu. Mtoto alipopiga kelele mtumbwini Tusekile aliingia ziwani mpaka kifuani, halafu akasimama, kwa sababu zaidi ya hapo ni maji tu.

Jibu lilikuja mvua mbili baadaye. Mchungaji alimwita, akampa karatasi ngumu, na Tusekile kabla ya kuitazama akambusu mkono. Kisha akaitazama. Mikono usoni. Vidole vya udongo. Ile ya kwanza!

"Na ile nyingine?"

"Wanasema ile nyingine imeharibika. Hawakuitoa."

"Imeharibikaje?"

Mchungaji akaisoma barua tena, akaigeuza nyuma. "Hawasemi. Imeharibika, basi."

Hata hivyo aliibeba mpaka Ikolo. Angefanya nini? Alikaa pembezoni mwa kijiji cha wazee, picha ikapita mikono kwa mikono, na watu walistaajabu kweli kweli, mpaka kile chungu walikitambua. Mjomba wa Aliko akaikodolea macho kwa muda mrefu. "Hapa umefunika uso," akasema. "Nani alikataa kwamba ulifunika? Sisi tunauliza baada ya hapo."

"Ya baada ya hapo imeharibika."

"Ahaa," mjomba akasema. "Imeharibika." Akamrudishia picha yake kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Afadhali angemtukana.

Tangu hapo Tusekile akawa mtu wa hasira. Hakuficha, na mimi simfichii. Aligombana na kaka yake, aligombana na kuni zisizowaka. Vyungu vyake vilipasuka motoni kwa sababu hakuwa tena na subira ya kuuacha udongo ukauke, yeye aliyekuwa akiwacheka wenye haraka. Mfinyanzi hulia gaeni, na yeye alianza kulia gaeni kweli, maana vizima alivipeleka vyote soko la ufukweni kule bondeni, si kwa ajili ya maharage, bali kwa sababu mama mkwe alikuwa akija na wajukuu.

Wakati fulani Lutengano alikuja peke yake. Alikuwa amekua, sauti imeanza kukatika. Akasalimia kama mtu anavyomsalimia mama wa mtu mwingine. "Ugonile, mama."

"Ndaga, mwanangu. Umekula?"

Lutengano alikuwa amekuja na swali, na alilitoa kama lilivyokuwa. "Kwa nini hukutoa ng'ombe? Tungekuwa na mama nyumbani."

"Kwa sababu sikumwona babu yako."

"Nani anajua kwamba hukumwona?"

Tusekile alikuwa ameinama akipanga vyungu. Akainua uso, na hasira yote aliyowahifadhia wazee na boma na chuo cha watu ikamwangukia mtoto. "Kaulize kioo!" akafoka. "Nenda Ujerumani ukakiulize kioo!"

Lutengano akaondoka. Waliokuwa sokoni walisikia, na watu wa bondeni hawaliachi neno zuri lipotee. Kabla ya mavuno lilikuwa msemo. Mtu akidai jambo asilo na shahidi, wakamwambia: kaulize kioo.

Kisha vita vikaja, vya Wajerumani na Waingereza, vya kwao huko lakini vikapiganwa kwetu. Aliko alichukuliwa tena kubeba mizigo, safari hii kuelekea Karonga, na safari hii hakuwepo moja kwa moja. Tusekile alimlilia kwa uchungu uliochanganyika na ghadhabu, maana alikuwa amebakiza maneno mengi ya kumwambia.

Katika mvua za mwaka 1916 Nsajigwa akafa kwa kile kifua chake. Mama mkwe akatuma mtu Ikombe: mama wa wajukuu aje. Tusekile akaja. Wanaume walikuwa uani na mikuki yao wakicheza ngoma ya msiba, wanawake wamekaa ndani wakilia, na mama mkwe akamshika mkono, wakapita wote wawili katikati ya waombolezaji mpaka alipolazwa marehemu. Miguu ya Tusekile ilitaka kurudi nyuma. "Tazama," mama mkwe akasema. "Sasa unaruhusiwa."

Akatazama. Uso mwembamba, kovu dogo juu ya jicho. Na masikio. Makubwa, yaliyojitokeza, ncha zake zimekunjika kidogo kwa mbele. Tusekile alikuwa amejiuliza tangu Lutengano azaliwe: Aliko hana masikio hayo, mama mkwe hana, Ikombe hayapo, mtoto kayatoa wapi?

"Kumbe ni yake!" akaropoka. "Masikio ni yake!"

Mama mkwe akamtazama. Alimtazama mkamwana huyu ambaye alikuwa akikutana na masikio ya baba mkwe wake kwa mara ya kwanza, na kitu alichokuwa amekishikilia miaka yote kikamponyoka. "Alijua," akanong'ona. "Mume wangu alijua kwamba ulifumba. Aliniambia jioni ile ile."

Vilio viliendelea pande zote. Tusekile alidhani hakusikia vizuri, kisha akajua amesikia.

"Kwa nini hakusema?"

"Aseme nini? Aseme alimkazia macho mke wa mwanawe mpaka akaona kope zimefungana? Walimsukuma pale, akashtuka, akatazama. Aliona aibu mpaka leo. Kila ulipokuja sokoni aliniuliza umekonda au umenenepa."

"Mama. Toka nje uwaambie."

"Mma," mama mkwe akasema, na alipokataa kwa Kinyakyusa alikuwa amekataa. "Hapana, mwanangu. Mtu hajazikwa bado."

"Akizikwa je?"

"Akizikwa ndiyo kabisa. Akiwa hai angejitetea."

Tusekile akatoka mwenyewe. Akasimama mbele ya wanaume na mikuki yao, akapaza ile sauti ya mtumbwini: marehemu alijua, marehemu aliniona nimefumba, muulizeni mkewe! Ngoma ikakatika. Wakamwita mama mkwe mlangoni, wakamwuliza. Bibi yule alitazama chini, machozi yanamtoka, akasema, "Sijui anasema nini. Msiba umempanda kichwani."

Wakamshika Tusekile vifundo vya mikono, kwa upole, wakamwongoza mpaka ufukweni. Lutengano alikuwa miongoni mwa waliomshika. Kumtukana maiti mbele ya wafiwa! Sasa hata ng'ombe kumi wasingesafisha.

Haikupita hata miezi mitatu Wajerumani wakaondoka, boma la juu likapandishwa bendera nyingine, na mchungaji wa ufukweni naye akachukuliwa mateka pamoja na barua zake. Tusekile aliishi Ikombe mpaka akazeeka, anafinyanga, anagomba. Wajukuu wa kaka yake walipomletea kesi zao za kuibiana samaki aliwafukuza: kaulizeni kioo. Wakacheka, bibi ana maneno. Hakuwa anafanya mzaha.

Felista ni wa uzao wa Lutengano. Amekua akisikia msemo huo jikoni kwao Ikolo kila mtoto alipokana kudokoa nyama, na hakuwahi kudhani kioo hicho ni kitu cha kushikika. Mle chumbani, baada ya kuitazama sana ile mikono yenye udongo, aliifungua bahasha ya chini yake. Ilikuwa haijafunguliwa kwa muda mrefu sana, gundi ilikatika kama jani kavu. Nje iliandikwa kwa mwandiko ule ule: "Haifai. Amefumba macho."

Aliinua kioo kwenye mwanga wa dirisha. Weusi ulikuwa mweupe na weupe mweusi, lakini aliona vizuri. Mashavu yamepanda. Kope zimebanwa kwa nguvu mpaka zimeota mikunjo. Juu ya shavu, alama za vidole vya udongo.

Akampigia simu mama yake. "Mama, kile kioo nimekipata. Nimekiuliza."

Upande wa pili kulikuwa na kuku na mtu anayetwanga. "Kioo kipi?" Halafu kutwanga kukakoma. "Kimesemaje?"

"Alifumba, mama. Alifumba kabisa."

Felista alimsikia mama yake akiwafukuza kuku.

"Haya," mama yake akasema. "Sasa tumwambie nani?"